Bei ya Taa ya Marehemu

Kila asubuhi shangazi yangu alikuwa akisalimia ukuta. Alinawa uso uani, halafu, kabla mikono haijakauka, aliingia sebuleni, akaweka kiganja ukutani chini ya mita ya umeme, akasimama hapo ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Umeamkaje, baba," alisema. Akangoja kidogo, akatikisa kichwa kuitikia, kisha akaenda kuwasha moto wa chai. Mara ya kwanza kumwona nilidhani umri umeanza kumchezea. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mbinga jana yake, mgongo unaniuma kwa ile barabara ya milimani, na sikuwa na hamu ya mambo ya namna hiyo kabla ya chai.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mizimu. Nashona sare za shule mjini Mbinga, na kazi yangu imenizoesha kuamini kitu kinachoweza kupimwa kwa utepe. Mtu akinisimulia habari za vivuli na sauti, namuuliza kwanza jana alikula nini. Hasira zangu pia ziko karibu, kila anayenifahamu atakwambia. Haya ninayoyaandika siyaandiki kwa kuyapenda. Yananiudhi mpaka leo.

Shangazi, dada wa baba yangu, aliolewa ziwani akiwa msichana. Aliiacha kahawa na baridi ya kwetu juu, akaenda kuishi na muhogo, dagaa waitwao usipa na joto la Ziwa Nyasa, katika nyumba ya mwisho ya kijiji kabla ya mahali ambapo mto unaingia ziwani. Hawakujaliwa mtoto. Ndiyo maana mimi nikawa kama binti yao, na likizo zangu za shule nilizimalizia kwao nikianika usipa mchangani na kufukuza kunguru.

Mumewe alikuwa mtu mpole mwenye wazimu wa aina moja tu: umeme. Kampuni moja ndogo ilipotangaza kwamba itajenga mtambo kwenye maporomoko ya ule mto, juu kule unakoshukia kutoka milimani, yeye hakusubiri kuona nguzo. Aliuza mbuzi, akamwita fundi, nyumba ikawekewa waya wote: swichi chumbani, swichi sebuleni, globu kila mahali hadi chooni. Mtambo ukachelewa. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, na yeye kila jioni alizunguka nyumba akibonyeza swichi moja baada ya nyingine, kuhakikisha hazijashika kutu. Watoto wa jirani walisimama mlangoni kumcheka, naye akacheka nao. Mimi mwenyewe nilimtania kwamba siku umeme ukija vidole vyake vitakuwa vimekwisha.

Alifariki nguzo zikiwa zimeshaletwa, zimelazwa kando ya barabara zikingoja kusimamishwa. Aliugua siku chache tu, tumbo, na alijua kwamba haponi. Alimwambia shangazi kitu kimoja, mbele ya ndugu zake, na wote walikisikia: "Kijiji kizima kitawashiwa, nitabaki mimi tu gizani. Usiniache hivyo."

Kule ziwani ardhi ni mchanga mtupu. Ukichimba kaburi bila kulijengea, linakufukia wewe mchimbaji kabla ya marehemu, kwa hiyo huzungushia tofali za kuchoma ndani, jeneza linashushwa, na juu yake wanaweka zege. Panabaki nafasi, kama chumba kidogo. Katika chumba hicho shangazi alimwambia yule yule fundi wa nyumba afunge globu, mpya, ndani ya karatasi yake hadi dakika ya mwisho. Waya ukatolewa nje kwa bomba la plastiki lililofukiwa mchangani, ukapita uani, ukaja mpaka kwenye ukuta wa nyumba na kupandishwa ndani yake hadi mahali ambapo mita ingekaa. Katekista aliongoza sala akaiona ile ncha ya bomba, nadhani aliidhania ni nondo. Ndugu walikubali. Mtu huzikwa na shuka lake analolipenda, huzikwa na rozari yake, sasa huyu amezikwa na taa. Nilikuwepo, na nilirusha mchanga wangu kama wengine.

Umeme ulifika baada ya mvua za mwaka ule. Fundi aliuunganisha waya wa kaburini moja kwa moja kwenye mita, bila kupitia swichi kubwa, ili asitokee mtu wa kuuzima kwa bahati mbaya. Sikuwepo siku hiyo, lakini nimesimuliwa na wengi na wote wanasimulia sawa. Kijiji kilipiga kelele, watu wakakimbilia kutazama taa zao. Shangazi alizima za kwake zote. Alizima swichi kubwa pia. Kisha akasimama mbele ya mita kutazama kile kitaa chekundu ambacho hupepesa umeme unapotumika. Nyumba nzima imezimwa, na kitaa kikapepesa. Kikatulia. Kikapepesa tena, polepole, kama mtu aliyelala usingizi mzito anavyovuta pumzi. Shangazi akapiga kigelegele peke yake.

Hakuna aliyeiona taa yenyewe. Ingeonekanaje, na zege limefunika? Mita ndiyo iliyosema kwamba inawaka, na shangazi akaiamini mita kuliko watu wanavyoamini macho.

Miaka ikaenda hivyo. Mimi nilimnunulia umeme kwa simu kutoka Mbinga, nikamsomea ile namba ndefu, naye akaibonyeza kwenye mita akiirudia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nalipia taa ya marehemu na nilijua. Nilinung'unika, sitaki kudanganya, hasa miezi ya shule kufungwa wakati mashine zangu zinakaa bure. Lakini umeme wa kampuni ile ulikuwa na bei mbili. Anayetumia kidogo alilipa bei ya chini, na shangazi alijibana ili abaki hapo. Taa ya chumbani aliiwasha wakati wa kutandika kitanda tu, akazima. Simu alichajia kwa jirani mwenye duka. Aligawana umeme na mumewe, na fungu kubwa alimwachia yeye.

Siku ile nilipomkuta anasalimia ukuta nilimuuliza kulikoni. Hakuona haya hata kidogo. Alinipeleka uani, akaniambia ninawe mikono, akanishika kifundo na kukiweka kiganja changu ukutani pale chini ya mita.

Ukuta ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa kuonekana. Ilikuwa ndani, chini ya chokaa, kitu chembamba kinachotambaa kutoka kwenye ngozi hadi kiwiko, kinapungua, kinarudi. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, kuku wanaparura uani, mtu anatwanga jirani, na mimi mkono wangu ulikuwa umeshikwa na kitu ambacho sikukiona. Nywele zilinisimama. Nilitoa mkono nikaufuta kwenye kanga kwa nguvu.

"Ananipa mkono," shangazi alisema. "Alianza baada ya mvua kubwa. Akawa ananitafuta."

"Shangazi, huo ni umeme unavuja. Pasi yangu iliwahi kunifanya hivyo hivyo. Muite fundi kabla hujaanguka hapo."

"Fundi atakuja kumtoa."

"Kumtoa nani?"

Alinitazama kwa huruma, mimi niliyekuja na elimu yangu ya pasi. Kisha akaenda jikoni. Nilibaki sebuleni nikitazama kitaa chekundu kikipepesa kwenye nyumba ambayo hakuna kilichowashwa, na nikaona nimetoka nje bila kukumbuka kuamua kutoka. Kaburi lilikuwa pale, hatua chache kutoka mlango wa nyuma, zege limepata weusi wa mvua, vyungu vya maua vimepangwa juu. Nilijikuta nimesimama mbali nalo, kana kwamba ndani mle kuna mtu amekaa macho, taa inamwakia usoni usiku na mchana, na hawezi kujigeuza. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Tangu siku hiyo nilikosa namna ya kuacha kulifikiria.

Halafu ikaja habari ya bei.

Kampuni iliomba kupandisha bei ya umeme kwa wateja wake wote. Mamlaka inayohusika ikaitisha mkutano wa wananchi kusikiliza maoni, ukumbi wa parokia, pale pale ziwani. Mtoto wa jirani alimsomea shangazi tangazo lililobandikwa kwenye duka, na jambo alilolishika ni moja: bei ya chini ya watumiaji wadogo ilikuwa inaombewa kufutwa. Alinipigia simu. Sijawahi kumsikia shangazi akilia katika simu, wala hata siku ile hakulia, lakini sauti ilikuwa imekonda.

"Njoo, mwanangu. Watamzimia."

Nilifunga duka nikashuka. Sikuenda kwa sababu ya marehemu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilitaka kuitolea mahali panapostahili.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mwenye mashine ya kusaga, akina mama wenye majokofu ya samaki, wazee waliokuja kwa sababu mkutano ni mkutano. Mbele walikaa watu wa mamlaka, na pembeni mtu wa kampuni, kijana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, nililikagua. Alisema mto unaleta mchanga mwingi kuliko zamani, mchanga unakula mashine, kiangazi maji yanapungua, na kampuni ikiendelea kwa bei hii itafunga mtambo na sote turudi kwenye vibatari. Alizungumza vizuri. Nilitafuta mahali pa kumkasirikia nikakosa, jambo lililonikera zaidi.

Alikuwa na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Akaonyesha mchoro wa matumizi ya nyumba ndogo ndogo. Mstari ulipanda asubuhi, ukapanda tena jioni watu wanapopika na kutazama taarifa ya habari. Akatuonyesha sehemu ya chini ya mstari.

"Hapa watu wamelala," alisema. "Na hapa wako shamba, nyumba zimefungwa. Lakini baadhi ya nyumba za bei ya chini zinaendelea kutumia, usawa huo huo, haupandi wala haushuki. Sasa tujiulize. Nani anatumia umeme kwenye nyumba isiyo na mtu?"

Nilisikia mabenchi yakilia, watu wakijigeuza taratibu, na nikajua bila kutazama kwamba wanajigeuza kuelekea tulipokaa sisi.

Ilikuwa majira ya wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wanaoinuka majini kwa mamilioni kama moshi wa moto mkubwa, ukiutazama kutoka pwani utaapa kuna meli inaungua. Alasiri ile upepo uliwaleta kijijini. Waliingia kwa madirisha, wakaufuata mwanga wa ile mashine, na kidogo kidogo ule mchoro ukutani ukawa unatembea. Mstari wa nyumba zisizo na watu ulijaa vivuli vidogo vidogo vinavyohangaika. Kijana wa kampuni alipunga karatasi kuwafukuza, akacheka, hakuna aliyecheka naye.

Shangazi akanyoosha mkono. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Nilimshika upindo kumkalisha, akanitoa mkono kwa upole.

"Shikamooni kwa wakubwa, na wengine salaam," alianza. "Mimi ninakaa nyumba ya mwisho, kule mtoni. Nina taa yangu moja, hiyo naweza kuiacha hata leo. Ya pili si yangu. Ni ya baba."

Kijana alitabasamu. Aliona amepata mfano mzuri. "Asante, mama. Mzee yupo nyumbani sasa hivi?"

"Yupo."

"Na taa yake inawaka, mchana huu?"

"Inawaka."

"Basi, mama, ukirudi mweleze mzee kwa lugha nzuri. Mchana azime taa. Ni kitu kidogo, lakini nyumba nyingi zikifanya hivyo..."

"Kwake hakuna mchana," alisema shangazi.

Wadudu walikuwa wakigonga kioo cha ile mashine. Watu wa mamlaka walitazamana. Kijana bado alikuwa na tabasamu, ila sasa lilikuwa limebaki midomoni peke yake. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika kijiji kile aliyemfafanulia. Nadhani kila mmoja aliona si mahali pake. Nami, mwenye mdomo wangu wote, nilitazama vidole vyangu.

"Naomba bei ya wadogo ibaki kwa ajili yake," shangazi aliendelea. "Mimi niandikieni bei yoyote. Nimezoea giza, nilizaliwa nalo. Yeye aliusubiri umeme kuliko ninyi wote mliokaa hapa. Akizimika sina namna ya kumwashia tena."

Akakaa. Mwenyekiti wa mkutano, mama mmoja wa makamo, alishukuru kwa sauti ya chini sana na kusema maoni yamepokelewa. Kijana wa kampuni aliandika kitu. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba wakaguzi watapita kwenye nyumba zote zenye matumizi ya namna ile, bila gharama, kuangalia waya. Tulitoka nje. Wadudu walikuwa wametua kwenye nywele za kila mtu, na tulitembea mpaka nyumbani tukijipangusa.

Mkaguzi alikuja nikiwa huko tena, nimeshuka kwa misa ya kumwombea marehemu. Mtu mzima, miwani imefungwa uzi upande mmoja, kapu la vifaa begani. Aliamkia, akapewa maji, akanywa. Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anapanga maua. Mkaguzi alizima swichi kubwa, akatazama kitaa kikipepesa, akauweka mgongo wa mkono ukutani, akauondoa haraka.

"Nani anaishi humu?" aliuliza.

"Shangazi yangu."

"Na hajafa?"

Nilimweleza yote. Sikuwa na namna nyingine, waya ulikuwa pale. Alinisikiliza akitazama mlango wa nyuma, na nilipofika kwenye globu alivua miwani akaifuta, akaivaa. Hakunicheka. Alisema atakata umeme kwenye nguzo kwanza, halafu afungue ukuta aone.

Alichokoa chokaa chini ya mita, akashuka nao ule waya mpaka karibu na sakafu, mahali ambapo ukuta ulikuwa na unyevu wa mvua za miaka yote. Hapo ulikuwa umekatika. Panya, alisema, au ulikunjwa vibaya tangu siku ya kwanza. Upande wa juu shaba ilikuwa inang'aa, imegusa tofali lenye maji. Umeme wote ulikuwa unaingia ukutani na kuishia ardhini, pale pale ndani ya nyumba. Upande wa chini, unaoelekea kaburini, shaba ilikuwa na kutu ya kijani. Aliivuta kidogo ikamong'onyoka vidoleni mwake kama jani kavu.

"Huu haujapitisha kitu siku nyingi sana," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui kama uliwahi."

"Lakini kitaa kilipepesa. Tangu siku ya kwanza."

"Kwa huu ukuta. Mita haijui umeme umekwenda wapi. Yenyewe inajua umetoka, basi."

Nilitaka kumwambia afunge, apake saruji, anyamaze, aondoke. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Niligeuka nikamwona shangazi amesimama mlangoni na ua moja mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Mkaguzi alimwamkia tena, masikini, kwa kukosa la kusema. Akamwambia kwamba angeweza kufa, ukuta ule ungemuua siku yoyote ambayo angeushika akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, ni Mungu tu. Shangazi aliitikia kwa heshima. Aliomba arekebishe kinachorekebika. Mkaguzi akakata kipande kibovu, akakiziba, akafunga ukuta, akaenda kurudisha umeme. Swichi zote zikiwa zimezimwa, kitaa cha mita kilikuwa kimetulia. Tulikitazama, mimi na shangazi, kwa muda mrefu. Hakikupepesa.

Shangazi alikwenda uani akanawa mikono. Alirudi, akaweka kiganja kilicholowa ukutani, juu ya saruji mbichi. Aliinamisha kichwa. Akahamisha mkono pembeni kidogo, akabonyeza, akahamisha tena, akazunguka ukuta ule wote akipapasa kama mtu anayetafuta mlango katika chumba kisichokuwa chake. Nilimwacha. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, sijui na nani, na kampuni, na panya, na mzee mwenyewe na globu yake.

"Umeme uliishia wapi?" aliniuliza mwishowe.

"Ukutani, shangazi."

"Haukufika?"

"Haukufika."

"Kwa hiyo siku zile zote, sisi tunapata mwanga, yeye..."

Nilimwambia tutatafuta njia. Nilisema nitalipa fundi apitishe waya mpya, nitanunua globu bora kuliko ile. Jioni ile ile nilikwenda kwa ndugu wa marehemu, na walinisikiliza vizuri, wakanipa kiti, wakanipa chai. Waya mpya maana yake ni kuvunja zege, walisema, na kaburi halifunguliwi. Shangazi angetaka taa juu ya kaburi wangekubali hata kesho. Niliporudi kumweleza hilo, shangazi alitikisa kichwa. Taa ya juu, alisema, ni ya wapita njia.

Kulikuwa kunaanza kuingia giza. Nilinyoosha mkono kuwasha taa ya sebuleni tupate kula.

"Acha," alisema.

"Shangazi, sasa hivi umeme hauvuji hata kidogo. Ukiwasha nyumba nzima bado utakuwa kwenye bei ya chini."

"Acha, mwanangu. Bado anasubiri. Nitawashaje mbele yake?"

Akainuka, akashusha swichi kubwa mwenyewe. Tulikula ugali wa muhogo na usipa kwa mwanga wa jiko, na tulipomaliza alikwenda kukaa mlango wa nyuma, uso umeelekea kaburini, mikono mapajani. Nilikaa naye hadi nikashindwa. Nilipoingia kulala alikuwa bado hapo, na sikuweza kumwona tena. Nilimsikia tu akikohoa, na mara moja nikasikia akisema kitu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia mtu kwamba mboga imepoa.

Uamuzi ulitoka redioni miezi kadhaa baadaye. Bei imepanda, si kwa kiasi chote kilichoombwa, na bei ya chini imeachwa kwa wale wanaotumia kidogo. Alichokiomba shangazi ukumbini alipewa. Nilimpigia kumwambia, akasema washukuriwe sana, akaniuliza habari za wanafunzi na sare zao.

Juzi nilikuwa napiga pasi sketi za shule, simu ikaita. Ilikuwa kampuni, sauti ya msichana mwenye adabu. Alisema namba yangu ndiyo iliyoandikishwa kwa mita ya nyumba ya mwisho kule mtoni, na mita ile haijasogea kabisa tangu ilipokaguliwa. Kwenye nyumba zilizohamwa wao huondoa mita ili wampe mwingine. Kwa hiyo alitaka kuhakikisha tu kabla hawajatuma mtu.

"Samahani mama, hiyo nyumba bado ina watu?"

Niliiweka pasi pembeni.

"Wapo wawili," nikamwambia. "Mita muiache hapo hapo."